Koja la Mkrismasi

Jumamosi, 30 Novemba 2024. Kimara, Dar es Salaam

Nimerudi kutoka Kariakoo saa nane mchana na madonge matano ya uzi wa akriliki: mawili mekundu, mawili ya kijani, moja jeupe. Kila donge lina gramu 50. Nimenunua pia kulabu ya kufumia, nyembamba na inayong'aa. Bibi ametimiza miaka 84, na nataka Krismasi hii mti wake uwe na pambo analoweza kulisoma kwa vidole.

Bibi ana presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi, hata kwa upasuaji. Dawa ya matone hulinda kile kilichobaki. Kwa bibi kilichobaki ni mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Zile karatasi za kumeta zinazojaa Kariakoo kila Desemba hazimfai. Akizishika anapata plastiki na basi.

Wazo nimelitoa kwenye mkrismasi ulio nje ya ofisi yetu. Umechanua wote. Nimeokota ua moja nikalitazama vizuri: petali tano, nne nyekundu zimetandazwa, ya tano imesimama, kubwa kidogo kuliko nyingine, nyeupe yenye madoadoa mekundu. Mti huu asili yake ni Madagaska. Huku kwetu umepewa jina la sikukuu kwa sababu Desemba ikifika umeshavaa. Kwa bibi, juu Machame, hakuna hata mmoja kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani. Nitampelekea: mnyororo wa kijani na maua ya krosheti juu yake, kila ua petali nne nyekundu na moja nyeupe, iliyo kubwa.

Jirani yetu, mama wa Tanga, amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hilo ni koja, mwanangu. Kwetu tunatunga kwa asumini." Mimi nilikuwa naliita pambo refu la kuzungusha kwenye mti. Nimelichukua neno lake.

Hesabu ni hii. Mti wa bibi kila mwaka huwa na kimo cha mita moja na nusu. Wapambaji hukadiria mita 3 za pambo kwa kila sentimita 30 za mti, kwa hiyo mita 15. Ua moja kila sentimita 25, kwa hiyo maua 60. Basi langu la Moshi ni tarehe 21.

Jumapili, 1 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nimetoka kanisani nikaanza. Hadi saa kumi jioni nimefuma sentimita 9.

Kulabu ni ndogo mno. Uzi wa akriliki umesokotwa kwa nyuzi nne nyembamba, na kulabu inachukua mbili inaacha mbili. Mshono unaotoka una ndevu. Nilisoma namba iliyopigwa chapa kwenye mpini: milimita 2. Niliichagua kwa sababu ndiyo inayofanana na ile ya bibi. Yake ilikuwa spoki ya baiskeli, ncha yake imepigwa tupa mpaka ikapata jino, na kwa spoki hiyo alifuma vitambaa vya makochi, vya redio na vya meza, akauza, akawanunulia sare za shule baba na wadogo zake. Lakini bibi alifumia uzi mwembamba wa pamba. Spoki na uzi ule vilipatana. Huu wangu ni mnene mara tatu.

Sentimita 9 nimezifumua.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimetoka kazini nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikanunua kulabu ya milimita 4. Wakati wa kurudi gari lilijaa. Kulabu ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa pochi, ncha juu, na ilinasa sweta la baba mmoja aliyesimama mbele yangu. Tulishuka wote wawili Ubungo, kituo ambacho si chake wala si changu, tukainasua chini ya taa. Sweta limetoka kitanzi kimoja. Nilikivuta ndani kwa kulabu hiyohiyo na hakionekani tena. Alinishukuru. Tulisubiri gari lingine dakika 25.

Jumatano, 4 Desemba

Mita moja. Imejikunja kama waya wa simu ya mezani.

Mnyororo wa krosheti ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa mtoto: unafunga kitanzi, unazungusha uzi kwenye kulabu, unauvuta upite ndani ya kitanzi, umepata kitanzi kipya. Basi. Rudia. Ugumu wote uko kwenye mkono wa kushoto, unaoachia uzi. Mimi nilikuwa naushika kwa vidole viwili kama nashika kamba ya mbuzi, na kila mshono ukatoka mdogo kuliko uliotangulia. Mama wa Tanga amenionyesha: uzi upite juu ya kidole cha shahada, chini ya viwili vya kati, uzungushwe mara moja kwenye kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho ndicho breki.

Nimefumua mita nzima nikaanza upya. Sasa mishono 18 inatoa sentimita 10. Kwa mita 15 ni mishono 2,700. Nilipima pia ulaji wa uzi: mita moja ya mnyororo inakula karibu mita nne za uzi.

Ijumaa, 6 Desemba

Mnyororo umefika mita 3. Leo nimejaribu ua la kwanza.

Minyororo mitano inaungwa iwe pete. Kwa kila petali unapanda minyororo mitatu, unaweka mishono mirefu mitatu ndani ya pete, unashuka minyororo mitatu, unafunga. Petali nne za hivyo kwa uzi mwekundu. Kwa ya tano nabadili uzi: mweupe na mwekundu kwa pamoja, mishono mitano badala ya mitatu. Ule mwekundu unatokeza madoa kama yale ya ua lenyewe. Nimeliweka juu ya meza kando ya ua la kweli, ambalo sasa limenyauka. Yanafanana.

Ua moja ni dakika 14. Maua 60 ni saa 14 kamili.

Jumamosi, 7 Desemba

Umeme umekatika saa moja usiku. Nilikuwa nimefika mita 5. Mnyororo hauhitaji macho, na ndiyo sababu nataka kuujua vizuri kabla sijaonana na bibi, lakini nilitaka kuhesabu, nikawasha mshumaa. Saa tatu mume wangu alifungua mlango wa nyuma, upepo ukaingia, mshumaa ukaegemea. Nta imemwagika kwenye mnyororo, sehemu ya urefu wa kiganja.

Jumapili, 8 Desemba

Wifi yangu alipiga simu akaelekeza namna ya kutoa nta: weka karatasi juu, pitisha pasi ya moto, karatasi itainywa nta. Ni njia nzuri kwa kitambaa cha pamba, nimeshaiona ikifanya kazi kwa kitenge.

Akriliki ni plastiki. Nta ilitoka. Mnyororo nao ulilala bapa, ukashikana na karatasi, ukapoa ukiwa mgumu kama mrija. Sentimita 40 zimekwisha. Nimezikata, nimeunga ncha mbili kwa fundo la kawaida na kuzificha ncha ndani ya mishono. Nimebaki na mita 4 na sentimita 60. Pasi nimeifuta kwa kitambaa chenye siki, ikapona.

Wifi hakujua ni uzi gani. Mimi nilijua na sikusema. Anayeuliza dawa ya doa aanze kwa kutaja kitambaa.

Jumatatu, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru

Hakuna kazi. Kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana nilifika mita 7 na sentimita 20, nikaenda jikoni kugeuza wali.

Mpwa wangu ana miaka mitatu. Aliona uzi unaning'inia kwenye kiti akaushika, akatoka nao nje. Nilipotoka jikoni alikuwa getini, na kila hatua aliyopiga mshono ulikuwa unafumuka, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio. Mita 2 na sentimita 30 za mnyororo zimekwenda. Uzi ulienea sebuleni, barazani, ukazunguka ndoo, ukafika getini. Yeye alikuwa anacheka kwa furaha ambayo sina sababu ya kumkataza.

Krosheti ina kitanzi kimoja tu kilicho hai, cha mwisho, na kila kilicho nyuma yake kinakitegemea. Upande ulioanzia haufumuki hata ukivutwa na trekta, kwa sababu pale pana fundo. Upande wa kazi unafumuka kwa mtoto wa miaka mitatu. Kuanzia leo nikiinuka natia pini ya kushikiza kwenye kitanzi cha mwisho.

Usiku nimefika mita 8. Pini ipo.

Alhamisi, 12 Desemba

Mita 11. Hakuna kilichotokea.

Ijumaa, 13 Desemba

Mita 15. Nimekata uzi, nimepitisha ncha ndani ya kitanzi cha mwisho, nimevuta. Imefunga. Maua 12 yako kwenye bakuli.

Jumamosi, 14 Desemba

Maua yalikuwa na harufu ya duka, nikayaosha kwa sabuni ya unga na maji ya baridi, nikayaanika kwenye ungo juu ya ukuta. Yalikuwa 15. Saa nne nilipokwenda kuyageuza yalikuwa 14, na kunguru mmoja, hawa wa shingo ya kijivu waliojaa Dar es Salaam, alikuwa juu ya mwembe wa jirani na kitu chekundu mdomoni. Alikuwa amelishika vizuri, kwa petali nyeupe. Nilipiga makofi. Aliruka nalo kuelekea Kibamba.

Nimefuma lingine. Yaliyobaki yamekaukia ndani, karibu na dirisha.

Jumatatu, 16 Desemba

Mwenzangu wa meza ya pili kazini ameniona nikifuma wakati wa chakula. Ameuliza kwa nini nisinunue lile pambo la kumeta, linalopatikana kwa bei ya donge moja la uzi. Nimempa ua moja, nimemwambia afumbe macho aniambie lina petali ngapi. Amefumba, amegusa, amesema tano, moja kubwa. Kisha amekaa nalo mkononi dakika kadhaa bila kusema kitu. Ameniambia nimfundishe. Mashine za kufuma masweta zipo tele duniani, lakini krosheti bado inatoka kwenye mkono wa mtu. Nadhani mkono mwingine unaitambua.

Alilegeza ua kidogo kwa kulivuta. Limekaa sawa nilipolivuta upande wa pili.

Jumanne, 17 Desemba

Donge la kwanza jekundu limeisha kwenye ua la 31. Nimefungua la pili. Si rangi moja.

Dukani yalikuwa kando kwa kando chini ya taa ya mrija na yalionekana mapacha. Nje, kwenye jua, la kwanza ni jekundu la pilipili mbivu na la pili linaelekea kwenye nyanya. Nimetazama vibandiko. Namba ya rangi ni ileile. Chini yake kuna namba nyingine, ndogo, na hiyo inatofautiana. Kiwanda hutia uzi rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake, kwa sababu rangi ya leo na ya wiki ijayo hazitoki sawasawa hata kwa kipimo kimoja. Anayenunua uzi wa kazi moja anatakiwa kuchukua madonge yote ya mkupuo mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia. Bibi alifumia nyeupe maisha yake yote, hakuhitaji kujua.

Baada ya kazi nilirudi Kariakoo na kibandiko cha donge lililoisha mkononi. Muuzaji alitafuta hadi nyuma ya duka, kwa uungwana kabisa. Mkupuo ule umekwisha.

Jumatano, 18 Desemba

Asubuhi nimesimama chini ya mkrismasi wa ofisini, kisha nikatembea hadi ule ulio karibu na kituo cha daladala. Rangi zao si moja. Wa ofisini ni mwekundu hasa, wa kituoni una uchungwa ndani yake. Yote ni mikrismasi.

Nimeamua: ua la pilipili, ua la nyanya, kwa zamu. Nimefikia 38.

Ijumaa, 20 Desemba

Maua 52. Usiku nimeanza kuyashona kwenye mnyororo kwa mikia yake ya uzi. Ua la 20 nililishona pamoja na shuka. Nimeligundua nilipoinuka. Shuka limekuja nami hadi mlangoni.

Jumamosi, 21 Desemba. Safarini

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Limeondoka saa 1 na dakika 40. Stendi imejaa mabegi, ndoo, godoro, majiko, na watu wote wanakwenda Kaskazini. Kijana mmoja wa kupakia mizigo alikuwa anauliza kila anayepanda, "Mnakwenda kuhesabiwa?" Tunaitikia. Kila Desemba tunaulizwa hivyo, na kweli tunakwenda kuhesabiwa: bibi akisikia sauti zetu mlangoni anataja majina mmoja mmoja, na asiyekuwepo anaulizwa.

Hadi Segera nimefuma maua mawili. Baada ya Mombo dereva alishika breki kwenye tuta, donge jekundu likatoka mapajani likaenda mbele chini ya viti. Abiria wameinua miguu mstari baada ya mstari. Lilifika kwa kondakta. Alilirudisha kwa kulipitisha mkono kwa mkono, upande wa pili wa njia, kila mmoja akihakikisha halianguki. Liliponifikia uzi ulikuwa umezunguka miguu ya viti saba, mkungu mmoja wa ndizi na fimbo ya mzee aliyekaa nyuma ya dereva. Kuufuata wote kungeamsha watoto waliolala. Nimekata. Mzee amebaki na kipande kwenye fimbo yake, akasema kitamsaidia kuitambua wakati wa kushuka.

Same mvua. Moshi saa 1 usiku. Maua 56.

Jumapili, 22 Desemba. Machame

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda mikono." Amenishika viganja vyote viwili akavipapasa. "Kidole hiki kimeota sugu. Unafuma?"

Sikupanga kumwambia mpaka mkesha. Ameniuliza nafuma nini, nikasema nitamwonyesha. Hakuuliza tena, lakini jioni alimtuma binamu yangu kabatini amletee kopo la biskuti. Ndani yake kuna sindano, vifungo, kitambaa kimoja cha redio ambacho hakikuisha, na spoki.

Usiku nimemalizia maua manne na kuyashona yote. Maua 60. Nimeazima futi ya kitambaa ya shangazi nikapima koja zima likiwa limelala mezani, bila kulivuta. Mita 13 na sentimita 70. Dar es Salaam nilipima kwa rula ya sentimita 30, nikiuvuta mnyororo unyooke, na mnyororo wa krosheti ukivutwa huongezeka. Kwa hiyo sikuwahi kuwa na mita 15 hata siku moja.

Jumatatu, 23 Desemba

Baba mdogo ameleta mti. Ni saipresi, wameukata kwenye mpaka wa shamba. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 30. Mwaka jana wajukuu walilalamika kwamba mti ni mdogo, na yeye amewasikia. Ameusimika kwenye ndoo ya mawe na udongo, ncha ikagusa dari ikapinda. Amekata ncha. Sasa umesimama, una harufu nzuri, na unachukua robo ya sebule.

Kwa mti wa kimo hicho nahitaji mita 23. Ninazo 13 na sentimita 70. Nilijaribu kuanzia juu: koja likaishia katikati, chini pakabaki patupu. Nikaanzia chini: pakabaki patupu juu. Nikalegeza nafasi kati ya mizunguko: likapotea ndani ya matawi. Binamu zangu walisaidia, kila mmoja akiwa na maoni, na mmoja amekanyaga ndoo. Mti umeegemea kochi kwa muda. Maua mawili yameng'oka, nimeyarudisha.

Nimelala saa sita bila jibu.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha

Asubuhi bibi amekaa kwenye kiti chake kando ya mti akanusa. Akauliza, "Hilo pambo lako liko wapi?" Nikamweleza: halitoshi, mti umezidi.

Akanyoosha mkono. "Mkono wangu unafika hapa," akasema, akagusa tawi la usawa wa bega lake. Akashusha hadi usawa wa goti. "Na hapa. Huko juu mnakosumbuka mimi sifiki."

Tumelizungusha kuanzia bega hadi goti. Limetosha mizunguko mitatu na sentimita chache za kufungia. Juu ya hapo watoto wametundika walichotaka, na nyota ya karatasi.

Kisha bibi amesoma. Ameanza kushoto, kidole gumba na cha shahada, ua baada ya ua, bila haraka. Kwenye la kwanza ametulia kwenye ile petali kubwa. "Hii ndiyo nyeupe?" Nikasema ndiyo. "Mkrismasi," akasema. Alikaa Moshi mjini miaka minne kabla ya kuolewa, kwa shangazi yake aliyefundishwa kufuma na wamisionari, na nje ya nyumba hiyo palikuwa na mkrismasi. Sikujua. Nimekuwa mjukuu wake miaka 36 na sikujua.

Aliendelea. Ua la 9: "Hili lina sita." Nikahesabu. Sita. La 22: sita. La 23: sita. Hayo ni ya siku ya Uhuru usiku, nilipokuwa nimechoka na hasira ya getini. La 47: "Hili lina nne, na kubwa haipo." Kwenye mita ya tatu alisimama kwenye fundo, pale pasi ilipopita. Akalizungusha kwa kidole. "Hapa paliungua?" Nikamweleza mshumaa, wifi, pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema akriliki haitaki moto, na kwamba ningefunga fundo la bapa lisingejaa hivi. Akanionyesha fundo la bapa kwa kipande cha uzi, macho yake yakiwa yameelekea dirishani.

Mchana nimefumua maua manne. Kulabu yangu ya milimita 4 sikuiona popote. Nimetumia spoki. Ilinichukua dakika 25 kwa kila ua, na uzi ulipasuka kila mara, lakini bibi alikuwa ameshika donge upande wa pili na kuniachia uzi kwa kipimo. Hakukosea hata mara moja. Maua hayo manne yametoka yamebana kuliko mengine 56. Yako sawasawa, petali tano tano.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Kanisani kuanzia saa tatu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mti ndani ya kanisa ni desturi ya Wajerumani iliyokuja na watu kama wao. Hakuna anayeiona ni ya wageni tena. Kwaya imeimba vizuri. Mvua imenyesha tukitoka.

Nyumbani tumehesabiwa. Tuko 31. Bibi amekula ndizi na nyama, kisha amerudi kwenye kiti chake, mkono wa kushoto umeshika ua la tawi la chini. Wageni wakimsalimia anawaelekeza waguse petali kubwa. Mpwa wangu, yule wa getini, amelivuta koja mara mbili. Limefungwa pande zote. Halikufumuka.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimeondoka Machame alfajiri. Koja limebaki kwa bibi. Amesema mti ukikauka atalihamishia kwenye fremu ya dirisha. Kwenye pochi nimerudi na donge la kijani lililobaki, lisilopungua robo tatu, ua moja la akiba, na spoki. Alinipa bila maneno mengi, pamoja na kile kitambaa cha redio ambacho hakikuisha. Kimebaki safu sita.

Jumatatu, 30 Desemba. Kariakoo

Spoki ina unene wa milimita 2. Nimenunua uzi mwembamba wa pamba, mweupe, madonge mawili. Namba ndogo za chini zinalingana.